Programu huria na takwimu za afya: nafasi ya mtumiaji katika kuusanifu mfumo

Muuguzi wa zahanati katika vijiji vya Mishamo, Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, anapomaliza kumhudumia mama mjamzito, huandika taarifa za mama huyo katika Kitabu Namba 6 cha Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, maarufu kwa jina la MTUHA. Mwisho wa mwezi mistari ya kitabu hicho hujumlishwa na kuandikwa katika fomu. Takwimu za fomu huingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2, nao huziwezesha Halmashauri, Mkoa na Wizara ya Afya kuziona kwa pamoja. Makala haya yanaeleza mfumo huo ni wa namna gani, ulisanifiwaje, na kwa nini ushiriki wa mtumiaji wa ngazi ya chini ni sharti la takwimu sahihi.

Maana ya programu huria

Programu huria ni programu ya kompyuta ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuutumia, kuurekebisha na kuusambaza kwa masharti ya leseni yake. DHIS2 inaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway na hutolewa kwa leseni ya BSD. Nchi inayoitumia hailipi ada ya leseni, na wataalamu wake wanaweza kuongeza wanachokihitaji bila kuomba kibali cha mwenye mali.

Uwazi huo ndio unaowezesha jumuiya kushirikiana. Mwanzoni mwa mwaka 2020, wataalamu wa Sri Lanka walitumia DHIS2 kutengeneza utaratibu wa kufuatilia wasafiri wakati ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoanza kuenea duniani. Kazi yao iliwekwa wazi, na nchi nyingine zikaichukua na kuirekebisha badala ya kuanza upya.

Usanifu unaoanza na mtumiaji

Chimbuko la fikra hii ni mahali pa kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtaalamu wa kompyuta Kristen Nygaard alishirikiana na chama cha wafanyakazi wa chuma nchini Norway ili wafanyakazi wawe na sauti katika mitambo ya kompyuta iliyokuwa ikiingizwa viwandani. Msingi wake ulikuwa kwamba anayeifanya kazi kila siku anaijua kuliko anayeichora akiwa mbali.

Msingi huo ulifika Afrika Kusini mwaka 1994, ubaguzi wa rangi ulipokoma kuwa sera ya nchi. Huduma za afya zilikuwa zimegawanyika, na kila idara ilikuwa na fomu zake. Watafiti na watumishi wa afya wa Cape Town walikaa pamoja na kuulizana ni takwimu zipi chache ambazo kila wilaya inazihitaji ili iweze kufanya uamuzi. Programu ilitengenezwa kidogo kidogo, ikapelekwa kwa watumishi, ikarudishwa na kasoro zake, kisha ikarekebishwa. Hiyo ndiyo njia ya usanifu shirikishi: kumsikiliza mtumiaji, kueleza tatizo kwa usahihi, kutengeneza mfano, kuujaribu na kurudia.

Toleo la kwanza lilitegemea programu ya Microsoft Access, ambayo ni ya kulipia. Kwa sababu hiyo, toleo la pili liliandikwa upya ili litumike kwa njia ya mtandao na kwa zana zilizo huria.

Uzoefu wa Tanzania

Zanzibar ilianza kuimarisha takwimu zake za afya kwa njia hiyo kuanzia mwaka 2005. Timu za wilaya zilikutana katika warsha, kila timu ikawasilisha takwimu zake mbele ya wenzake, nao wakazihoji. Mijadala hiyo ilifichua makosa ya ujazaji na pia upungufu wa fomu zenyewe, zikapunguzwa na kuoanishwa. Kwa upande wa Bara, Wizara ya Afya ilieneza DHIS2 mikoani kufikia mwaka 2013, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa mshirika katika kuurekebisha mfumo na kuwafundisha watumiaji.

Kwa nini jambo hili linaigusa Mishamo

Mishamo ilifunguliwa mwaka 1978 kuwa makazi ya wakimbizi waliotoka Burundi kufuatia mauaji ya mwaka 1972. Wakazi wengi wa Mishamo, Katumba na Ulyankulu walipewa uraia wa Tanzania, na ugawaji wa vyeti vya uraia ulianza mwaka 2014. Wananchi hawa wana haki ya kuhesabiwa katika mipango ya huduma kama wengine wote.

Kuhesabiwa huko si jambo dogo. Sensa ya mwaka 2012 ilionesha kuwa Mkoa wa Katavi ulikuwa na watu 564,604, na Sensa ya mwaka 2022 ikaonesha watu 1,152,958. Kiwango cha chanjo hupatikana kwa kugawanya idadi ya watoto waliochanjwa kwa idadi ya watoto wanaokadiriwa kuwapo. Makadirio yakiwa madogo kuliko hali halisi, kiwango huweza kuzidi asilimia 100, na ripoti ikaonesha mafanikio ilhali wapo watoto ambao hawajafikiwa. Aliye ofisini anaweza kudhani muuguzi amekosea kujumlisha. Muuguzi na mtendaji wa kijiji, wanaozijua kaya mpya, ndio wanaoweza kueleza kilichotokea. Mfumo usiowapa nafasi ya kutoa maelezo hayo hupoteza taarifa muhimu kuliko namba yenyewe.

Mipaka na wajibu

Leseni huria pekee haileti ushirikishwaji. Msimbo unaweza kuwa wazi ilhali fomu zimepangwa bila kumuuliza anayezijaza. Umeme, mtandao, mafunzo na mrejesho kutoka wilayani kwenda zahanati ni sehemu ya mfumo kama ilivyo programu.

Aidha, uwazi wa msimbo si uwazi wa taarifa za mgonjwa. Taarifa binafsi zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na mifumo ya taasisi za umma inasimamiwa chini ya Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019.

Mwananchi anashiriki kwa kutoa taarifa sahihi anapoandikishwa, kutunza kadi ya kliniki, na kuuliza takwimu za kituo chake kupitia kamati ya usimamizi wa kituo na mikutano ya kijiji. Mtumishi anashiriki kwa kuripoti kasoro ya fomu badala ya kuizoea. Msimamizi wa mfumo naye anawajibika kuipokea kasoro hiyo, kuifanyia kazi na kumjulisha aliyeitoa.