Barabara ya Dhahabu Inayopita Chini ya Hanang

Ukitaja madini mkoani Manyara, kila mtu anageukia Mirerani. Ana haki: tanzanaiti iligunduliwa huko mwaka 1967, haipatikani kwingine duniani, na tangu mwaka 2018 imezungushiwa ukuta wa kilomita 24 na ushei. Lakini iko njia nyingine ya madini inayokatiza mkoa huu, ambayo habari zake zinaanza zaidi ya nusu karne kabla ya Mirerani, na abiria wengi huipita wakiwa wamesinzia ndani ya basi. Inaanzia Minjingu, inafika Babati, inazunguka miguu ya Mlima Hanang hadi Katesh na Jorodom, inaingia Singida, kisha inateremka Sekenke kwenda Igunga na Nzega.

Njia hii inastahili gari la wazi. Si lazima liwe gari la kifahari lenye paa la kukunja. Land Rover kuukuu iliyovuliwa turubai inatosha kabisa. Msimu mzuri ni kati ya Juni na Oktoba, mvua zikiwa zimekatika. Beba koti zito, kwa maana upepo wa Hanang mwezi wa saba hauna huruma, na beba kitambaa cha kujifunga usoni, utakihitaji ukishafika mbuga ya Wembere. Anayesafiri katika nchi hii bila paa anaona jambo ambalo dirisha la basi linamficha: jinsi ardhi inavyobadilika, na jinsi mabadiliko hayo yanavyoeleza kwa nini mji mmoja ulipata mgodi na mwingine haukupata.

Usafiri wa namna hiyo una mizizi mirefu hapa nchini. Tarehe 10 Agosti 1907 afisa wa jeshi la Ujerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa gari la wazi lililoundwa na kiwanda cha Gaggenau, akakusudia kuvuka Afrika. Alifika Swakopmund, kwenye pwani ya Atlantiki, tarehe 1 Mei 1909. Petroli yake ilitangulizwa na wapagazi waliobeba madebe kichwani. Graetz hakupita Hanang. Alipita kusini zaidi, njia ya Tabora. Ila nawakumbuka wale wapagazi kila ninapopita barabara hii, kwa sababu historia ya migodi yake ni historia ya mizigo: nani aliibeba, kwa njia gani, na ilikwenda wapi.

Tuanze Minjingu. Kilima chake kiko karibu na Ziwa Manyara, mwendo mfupi kutoka malango ya Tarangire, na kwa macho hakina cha kujivunia. Zamani ziwa lilipokuwa kubwa kuliko leo, kilima hicho kilikuwa kisiwa, na minandi waliotua juu yake kwa vizazi visivyohesabika waliacha kinyesi na mifupa. Mabaki hayo yakageuka kuwa fosfati. Mwaka 1956 watafiti waliokuwa wakipima mionzi kwa ndege, wakitafuta urani, ndio walioligundua tabaka hilo, maana fosfati ya Minjingu ina chembe za urani. Mgodi ulifunguliwa mwaka 1983 chini ya shirika la madini la taifa, STAMICO, kwa msaada wa Wafini, na mawe yakawa yanapelekwa kiwanda cha mbolea cha Tanga. Kiwanda kikafungwa mwaka 1991. Kwa mahesabu ya kawaida Minjingu ilitakiwa kufa pamoja nacho. Haikufa. Ilipata mwekezaji wa hapahapa nchini, ikaanza kusaga na kutengeneza mbolea mahali inapochimbwa, na leo mkulima wa mahindi anaitaja dukani kwa jina la kijiji. Katika migodi yote ya njia hii, huu ndio uliofanikiwa kuiacha mali yake ndani ya udongo wa nchi.

Babati usikawie, ila kama una hamu ya viboko wa ziwani. Kabla ya lami, aliyetoka hapa kwenda Singida alipaswa kuuliza kwanza kama mvua imenyesha. Barabara ya Minjingu, Babati, Katesh na Singida, kilomita zaidi ya 220, ilikamilishwa kwa lami mwanzoni mwa miaka ya 2010 kwa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na Japani. Aliyezaliwa baada ya hapo hawezi kujua ni mali kiasi gani ilioza njiani.

Halafu Hanang inatokea. Mita 3,400 na zaidi, imesimama peke yake, bila safu ya milima ya kuisindikiza. Ni mlima wa volkano, na kwa umri wa miamba ni mtoto mdogo. Hapa ndipo penye jibu la swali ambalo watu wa Katesh na Jorodom hulisikia mara kwa mara: mbona Singida kuna dhahabu na sisi hatuna? Dhahabu ya nchi hii hukaa katika miamba iliyoumbika zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu iliyopita, ikiwa imejibanza ndani ya mishipa ya jiwe la kwatzi. Upande wa Hanang, Bonde la Ufa limepasua ardhi na volkano imemwaga tope na majivu yake juu. Ukielekea magharibi unaliacha bonde, unakanyaga ardhi ile kongwe, na mawe yenyewe yanakuambia: matale makubwa ya Singida yaliyorundikana kando ya barabara ni sura ya ulimwengu mwingine kabisa.

Udongo mchanga wa mlima huo umewalisha watu wa Hanang, na pia umewaua. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, ubavu wa mlima uliporomoka, na tope, mawe na magogo yakashuka juu ya Katesh, Jorodom, Gendabi na vijiji jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Msafiri wa gari la wazi atasimama hapa kwa heshima, azime injini, anunue chakula chake kwa watu waliobaki. Na kama anatafuta habari za chuma na shaba, zipo: wahunzi wa Kidatoga wa nchi hizi hawana mgodi, lakini huyeyusha makufuli na vyuma chakavu wakafua bangili na ncha za mishale. Ufundi huo ni wa kale, na haukusubiri mwekezaji.

Baada ya Singida mjini, barabara inakwenda Iramba, na hapa ndipo roho ya safari ilipo.

Dhahabu ya Sekenke ilijulikana kwa Wajerumani mwaka 1907, mwaka uleule ambao Graetz aliwasha gari lake Dar es Salaam. Uzalishaji ulianza 1909, na Sekenke ikawa mgodi wa kwanza wa dhahabu wa maana katika koloni lao. Fikiria mahali penyewe: chini ya mteremko mkali, kando ya mbuga ya Wembere, wakati reli ya kati ilikuwa haijafika hata Tabora. Iliingia Tabora mwaka 1912.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, manowari za Waingereza zilifunga bahari, na sarafu kutoka Ujerumani hazikuja tena. Noti zilizochapwa humu humu ndani zilikosa imani ya watu. Ndipo katika karakana ya reli karibu na Tabora, mwaka 1916, dhahabu ya Sekenke ikayeyushwa na kupigwa sarafu ya rupia 15. Upande mmoja ina tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima, upande wa pili tai wa Kaisari. Mihuri ya kuigonga ilichongwa na sonara kutoka Ceylon. Kila moja ina gramu 7 na kidogo, robo tatu yake dhahabu. Zilipigwa 16,198, yaani kilo 87 hivi za dhahabu halisi. Septemba 19 mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora. Leo sarafu hizo hunadiwa Ulaya na Marekani kwa maelfu ya dola, na katalogi huziita za Tabora. Nadhani huo ni uonevu kwa Sekenke. Tabora ilitoa karakana; watu wa Iramba walitoa jasho la chini ya ardhi, na jina lao linastahili kutajwa kila tembo yule anapotajwa.

Waingereza nao walikuja na matumaini yao. Mwaka 1931 Uingereza iliacha kuifunga pauni yake na dhahabu, na mwaka 1934 Marekani ikapandisha bei kutoka dola 20.67 hadi 35 kwa wakia, hivyo migodi ya Tanganyika ikapata uhai. Mwaka huohuo wa 1934 lilifunguliwa tawi la reli kutoka Manyoni kupita Singida hadi Kinyangiri. Miaka ya 1940 tawi likafungwa, na reli zake zikang'olewa kwenda kutumika kusini kwenye mradi wa karanga, mradi ulioanguka vibaya. Singida ilikaa hadi miaka ya 1990 ndipo treni ikarudi. Nchi iliyotoa dhahabu ilinyang'anywa hata chuma cha kubebea mizigo yake.

Mteremko wa Sekenke wenyewe unajulikana na kila dereva wa lori aliyepata kwenda Mwanza. Kabla ya lami, malori yaliyoshindwa breki yalilala makorongoni. Shuka taratibu, gia ya chini, na ukifika Shelui utasikia makarasha yakiponda mawe. Wachimbaji wadogo wamo kazini: wanashuka kwa kamba kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, wengine wanaosha marudio, ule mchanga ambao mitambo ya zamani iliutupa ukiwa bado na chembe. Zebaki ya kunasia dhahabu bado inashikwa kwa mikono mitupu, na hilo linaniumiza kuliko magofu yoyote, kwa sababu dawa yake inajulikana na vifaa vya kuzuia mvuke wake si ghali.

Vuka Wembere na Igunga, ufike Nzega. Hapo Lusu ndipo ulipoanzia uchimbaji mkubwa wa zama mpya: Golden Pride, mgodi wa kampuni ya Resolute ya Australia, ulianza kutoa dhahabu mwishoni mwa 1998 na kufungwa baada ya miaka 15 hivi. Safari hii mali haikuondoka bila kuacha kitu: majengo yalikabidhiwa kwa Chuo cha Madini, na vijana wanajifunza upimaji wa miamba na usalama wa migodini palepale ambapo wazazi wa baadhi yao walikuwa vibarua. Ningependa wanafunzi hao wapandishwe gari lisilo na paa, wapelekwe nyuma kwa njia hii yote, kuanzia Shelui hadi Minjingu, na walale usiku mmoja Katesh.