Ng'ombe Mmoja na Marando Safi

Chama kinapotimiza miaka kumi, ni desturi kuhesabu magunia, hisa na ziada. Hesabu hizo msomaji atazikuta katika kurasa nyingine za kitabu hiki. Sisi tumeona heri tusimulie habari za mwanamke mmoja ambaye hajapata kuwa mwanachama wetu, lakini kazi yake yatuhusu sana wakulima wa Kilosa na Mikumi. Naye ni Daktari Florence Wambugu wa Kenya, mtaalamu wa virusi vya mimea.

Kwanza yatupasa kukiri kosa letu. Katika mwaka wa pili wa chama tulinunua marando ya viazi vitamu katika shamba moja, tukayagawa kwa wanachama wa upande wa Mikumi. Kwa macho yetu yalikuwa mazuri. Haikupita miezi miwili majani yakasinyaa na kupauka, na siku ya kuvuna viazi vilikuwa vyembamba kama vidole. Mama mmoja alileta kapu lake ofisini, akatuuliza: "Bwana Katibu, dawa yake ni ipi?" Tulinyamaza, maana hatukuijua. Baadaye tukajifunza kwamba dawa hiyo haipo. Mmea ukishaingiwa na virusi, hakuna dawa ya kunyunyiza shambani itakayouponya. Virusi huchukuliwa na wadudu wadogo, kama vidukari na inzi weupe. Tena husafiri ndani ya marando yenyewe, mkulima akimpa jirani yake kwa moyo mwema. Hivyo ndivyo wema wetu ulivyogeuka kuwa hasara.

Maradhi ya namna hii si mageni katika nchi yetu. Mwaka 1936 mtaalamu Mwingereza, H. H. Storey, aliyefanya kazi katika kituo cha Amani, milima ya Usambara, alieleza habari za michirizi ya kahawia ya mihogo. Kwa miaka mingi elimu hiyo ilikuwa mikononi mwa wageni, na mkulima wa Kiafrika aliisikia kwa mbali tu. Ndiyo sababu maisha ya Daktari Wambugu yana maana kubwa kwetu.

Alizaliwa Kenya mwaka 1953, wakati nchi ile ilipokuwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni mwaka uliotangulia. Jamaa yao ilikuwa kubwa na mali yao kidogo. Ilipofika zamu ya binti huyu kwenda shule ya bweni, mama yake aliuza ng'ombe wa pekee waliyekuwa naye ili apate karo. Wakulima wote wajua maana ya kuuza ng'ombe wa pekee: ni kuuza maziwa, samadi, na akiba ya siku ya msiba. Mama yule alifanya hivyo kwa ajili ya mtoto wa kike, katika siku ambazo wengi waliona elimu ya msichana ni kazi bure.

Binti hakuipoteza karo ile. Alihitimu katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1978, akaingia katika kazi ya utafiti wa kilimo nchini mwake. Akapata shahada ya pili Marekani mwaka 1984, kisha udaktari katika Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, mwaka 1991. Baada ya hapo alikwenda Marekani kufanya kazi katika kampuni ya Monsanto. Huko alishiriki katika kazi ya kutengeneza kiazi kitamu kitakachoweza kukinza kirusi kimoja, kwa kutia ndani yake sehemu ya urithi wa kirusi chenyewe.

Viazi hivyo vilipandwa kwa majaribio nchini Kenya mwaka 2000. Watu wengi duniani walivisifu kabla havijavunwa. Lakini mwaka 2004 ilitangazwa kwamba havikuwashinda viazi vya kawaida. Maradhi makali ya viazi vitamu mara nyingi hutokea virusi viwili vinapokutana katika mmea mmoja, na kinga ile ilielekezwa kwa kimoja tu. Twaandika jambo hili waziwazi, kwa sababu kitabu cha ukumbusho kisichotaja kushindwa hakimfundishi mtu.

Daktari Wambugu mwenyewe hakuwa mtu wa njia moja. Katika miaka ya 1990 alikuwa miongoni mwa viongozi wa kazi ya kuwapelekea wakulima wadogo wa Kenya miche ya migomba iliyokuzwa maabarani kutokana na kichipukizi kidogo, ili waanze shamba bila wadudu na maradhi ya shamba la zamani. Mwaka 2002 alianzisha shirika la Africa Harvest, na mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Yara. Wako waliompinga vikali kwa kuutetea ufundi wa kubadili urithi wa mimea, na mabishano hayo hatuwezi kuyamaliza sisi. Lakini katika kuanza na mbegu safi, hatuoni penye ubishi.

Basi, wanachama wenzetu, tuna maombi mawili kwa mkutano mkuu. La kwanza, sehemu ya ziada itengwe kwa shamba la mbegu la chama, lililo mbali na mashamba ya viazi na mihogo, na marando yake yakaguliwe na wataalamu kabla ya kugawiwa. Kituo cha utafiti cha Ilonga kipo hapa hapa wilayani Kilosa. Tusione haya kubisha hodi. La pili, kila mwaka tulipe karo ya binti mmoja wa mwanachama anayependa masomo ya sayansi. Mama wa Kenya alitoa ng'ombe wake peke yake. Sisi tu wengi, na hatuombwi hata ndama.

Na mama yule wa Mikumi, akirudi ofisini na kapu lake, asitukute tena tumenyamaza.