Mdomo wa McCulloch na Kushuka kwa Bunnymen

Ukimuuliza shabiki wa zamani wa Echo & the Bunnymen kwa nini bendi hiyo ya Liverpool ilishuka, hatachukua muda kufika kwa Ian McCulloch. Wapo wanaosema majivuno ya mwimbaji huyo ndiyo yaliyoizamisha: alijiona mkubwa kuliko wenzake, akazidharau bendi nyingine magazetini, kisha akaondoka 1988 wakati jahazi lingali linaelea. Wapo wanaomtetea kwa nguvu ileile, wakisema bila sauti yake na kiburi chake kusingekuwa na bendi ya kushuka. Pande hizo zinagombana, lakini zimekubaliana jambo moja pasipo kujua, kwamba habari ya bendi ni habari ya mwimbaji wake. Hapo ndipo ninapoachana na zote mbili. Mfuatano wa matukio kati ya 1984 na 1988 unaonyesha kwamba kilichovunjika kwanza ni namna watu wanne walivyozoea kufanya kazi pamoja, na ufa ulianzia kwenye dramu na kwenye kiti cha meneja, miaka kadhaa kabla mwimbaji hajafunga mizigo yake.

Majivuno yenyewe yana historia, na historia hiyo ni ya mji. Liverpool ya mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa bandari inayopoteza kazi yake. Albert Dock ilikuwa imefungwa tangu 1972, shehena ilikuwa imehamia kwenye makontena kule Seaforth ambako wafanyakazi wachache walitosha, na vijana wengi waliomaliza shule waliishia kuchukua posho ya wasio na ajira. Julai 1981 mtaa wa Toxteth ungelipuka kwa ghasia. Katika mji huo klabu ya Eric's, iliyofunguliwa 1976 na kuhamia muda mfupi baadaye Mathew Street, hatua chache kutoka ilipokuwa Cavern ya Beatles, ilikuwa baraza la vijana waliopenda panki na waliotaka kwenda mbali zaidi yake. Humo mtu alipewa cheo kwa ulimi wake kabla hajajifunza kushika gitaa. Mwaka 1977 McCulloch, Julian Cope na Pete Wylie waliunda kikundi kilichoitwa The Crucial Three, kikavunjika karibu kabla ya kuanza, na wote watatu wakaja kuongoza bendi zao wenyewe wakirushiana maneno kwa miaka. Cope hakuwa mnyenyekevu, na Wylie hakuwahi kujulikana kwa ukimya. Anayeyaona majigambo ya McCulloch kuwa ugonjwa wa mtu mmoja anasahau kwamba kizazi kizima cha Eric's kiliongea hivyo, kwa sababu kujisifu ilikuwa mtaji pekee ambao haukuhitaji fedha.

Walioanzisha bendi pamoja naye walikuwa watu wa namna nyingine kabisa. Will Sergeant, mpiga gitaa, na Les Pattinson, mpiga besi, walifahamiana tangu shuleni, na wote wawili hawakuwa wasemaji. Novemba 1978 walipanda jukwaani Eric's kwa mara ya kwanza wakiwa watatu na mashine ya ngoma, wakapiga wimbo mmoja tu uliorefushwa hadi muda wao ukaisha. Mashine ile haikudumu. Mwaka 1979 akaja Pete de Freitas, kijana aliyezaliwa Port of Spain, Trinidad, na hapo ndipo muziki tunaoujua ulipoanza. Sikiliza Crocodiles ya 1980, kisha Heaven Up Here ya 1981, ukiwa umeyasahau maneno kwa muda. Dramu hazitunzi saa tu. De Freitas anazitumia ngoma nzito za tumbo pana kuuinua wimbo na kuushusha, gitaa la Sergeant linakwaruza na kunyamaza kulingana naye, na besi ya Pattinson ndiyo mara nyingi inayobeba kile ambacho bendi nyingine zingekiita melodi. McCulloch anakuja juu ya hayo yote kama mtu aliyekuta nyumba imejengwa. Nyimbo za albamu hizo zimeandikwa kwa majina ya wote wanne, na masikio yanathibitisha kwamba hiyo haikuwa adabu ya makaratasi. Crocodiles ilifika namba 17 katika chati ya albamu ya Uingereza, Heaven Up Here namba 10, na Porcupine ya 1983 ikapanda hadi namba 2.

Tukiisoma safari hiyo kwa haraka tutadhani njia ilikuwa laini. Porcupine ilikataliwa na kampuni ya rekodi mara ya kwanza kwa madai kwamba haiuziki, ikabidi wairudie, na fidla za mpigaji L. Shankar zikaongezwa. Mivutano ilikuwapo tayari, na mdomo wa mwimbaji ulikuwapo tayari, tena ukiwa mkali kuliko ulivyokuja kuwa baadaye. Hata hivyo bendi ilipanda. Kama kiburi ndicho kilichoiua, yatupasa tueleze kwa nini kiliilisha vizuri hivyo kwa miaka mitano.

Sehemu ya jibu ni Bill Drummond, meneja wao, mmoja wa waanzilishi wa Zoo, lebo ndogo ya Liverpool iliyotoa wimbo wao wa kwanza 1979. Drummond alikuwa na kipaji cha ajabu cha kugeuza majigambo kuwa vitendo. Mwimbaji akisema bendi yake haifanani na yoyote, meneja aliipeleka kupiga katika visiwa vya Uskoti ambako bendi hazikuwa na desturi ya kwenda, kisha akaiingiza Royal Albert Hall, Julai 1983. Picha ya jalada la Porcupine ilipigwa kwenye maporomoko ya Gullfoss, Iceland, yakiwa yameganda barafu. Tarehe 12 Mei 1984 mashabiki waliokuja Liverpool walipewa siku nzima ya mambo, kuanzia kifungua kinywa mkahawani na safari ya kivuko kwenye mto Mersey hadi onyesho la usiku katika St George's Hall. Drummond huyuhuyu, miaka 10 baadaye, ndiye aliyechoma noti za pauni milioni moja kisiwani Jura pamoja na mwenzake wa kikundi cha The KLF, kwa hiyo tusishangae kwamba alipenda makubwa. Ocean Rain ilipotoka mwezi huohuo wa Mei 1984, ikiwa na okestra ya watu 35 iliyorekodiwa Paris, ilitangazwa kuwa albamu kubwa kuliko zote zilizowahi kutengenezwa. Waswahili husema debe tupu haliachi kuvuma, na wanaomlaumu McCulloch wanadhani walimpata hapo. Debe hilo halikuwa tupu. Albamu ilifika namba 4, wimbo wake The Killing Moon ulikuwa umeingia kumi bora Januari ya mwaka huo, na hadi leo hakuna kazi yao nyingine inayotajwa kwa heshima kama albamu hiyo.

Kabla hatujafika kwenye anguko, kuna jambo la ushahidi ambalo wabishani hulipita. Tunachokijua kuhusu bendi za Uingereza za wakati ule tumekipata kwa kiasi kikubwa kutoka magazeti ya muziki ya kila wiki, hasa NME, Sounds na Melody Maker. Magazeti hayo yalikuwa na kurasa za kujaza, na kurasa hujazwa na anayesema. McCulloch alikuwa zawadi kwa mwandishi: angemkejeli Bono, mwimbaji wa U2, kabla chai haijapoa, angejiweka juu ya kila mtu kwa sentensi moja ya kuchekesha. Sergeant na Pattinson walikuwa wakitazama chini. Kwa hiyo kumbukumbu iliyobaki ni ya mdomo mmoja, na mtu anayekwenda kuitafuta sababu ya kushuka humo lazima atampata McCulloch, kwa kuwa ni yeye peke yake aliyemo. Ilichukua hadi 2021 Sergeant kutoa kitabu chake cha kumbukumbu, Bunnyman, na mtu anayekisoma hukuta bendi iliyojengwa na mazoezi, rekodi za watu wengine na ukaidi wa kimyakimya, mambo ambayo hayakuwahi kuwa kichwa cha habari.

Sasa tuangalie mfuatano. Baada ya Ocean Rain bendi ilipumzika kwa muda mrefu, wakati ambapo mahasimu wao hawakupumzika. Drummond akaacha umeneja. Mwaka 1985 ulileta mkusanyiko wa nyimbo zilizokwisha kutoka na wimbo mpya mmoja, Bring on the Dancing Horses, uliotayarishwa na Laurie Latham kwa ung'avu ambao bendi haikuwa nao awali. Kisha de Freitas akaondoka. Alikwenda New Orleans na marafiki, akatangaza kikundi kipya, na mapema 1986 Bunnymen walikuwa wakitafuta mpiga dramu mwingine, wakamjaribu Blair Cunningham na haikukaa. De Freitas aliporudi mwaka huohuo alirudi kama mpigaji wa kulipwa, bila hadhi aliyokuwa nayo. Watu wanne waliokuwa wakigawana jina la kila wimbo sasa walikuwa watatu na mwajiriwa. Kazi iliyokuwa imerekodiwa na mtayarishaji Gil Norton ikatupwa, Latham akaitwa tena, na albamu iliyopewa jina la bendi yenyewe ikatengenezwa polepole katika studio za miji kadhaa, kipande kwa kipande. Ilitoka 1987.

Mpinzani makini atanisimamisha hapo. Atasema albamu hiyo ilifika namba 4 Uingereza, sawa na Ocean Rain, na kwamba Marekani ilifika namba 51, juu kuliko albamu yao yoyote kabla yake. Walizunguka huko na bendi ya New Order, wimbo Lips Like Sugar ukasikika redioni, na kijana mmoja wa Ohio au California aliyewajua mwaka huo hawezi kuambiwa alikutana nao wakiwa wameshuka. Pingamizi hili lina uzito, na linatulazimisha tuseme tunamaanisha nini. Tukipima kwa tiketi na kaseti, 1987 ni kilele. Tukipima kwa kile kilichoifanya bendi iwe ya kipekee, dramu zimesukumwa nyuma na kulainishwa, gitaa limefungwa kamba, na sauti ya McCulloch imewekwa mbele peke yake, ikiwa imepigwa msasa. Nyumbani Uingereza nyimbo zilizotolewa moja moja zilishindwa kukaribia kumi bora: The Game iliishia namba 28, Lips Like Sugar namba 36. Jambo la kejeli ni kwamba albamu hii, inayomtukuza mwimbaji kuliko zote zilizotangulia, ndiyo ambayo yeye mwenyewe ameikosoa waziwazi. Aliyepewa kiti cha mbele hakukipenda.

Pingamizi la pili ni la kuondoka kwake. Aprili 1988, bendi ikiwa Osaka, Japani, mwisho wa ziara, McCulloch alipata habari kwamba baba yake amepatwa na shambulio la moyo. Alirudi Uingereza, lakini baba alikuwa ameshafariki kabla hajamfikia. Muda si mrefu akatoka katika bendi. Wanaomwita msaliti huisoma tarehe hiyo kama mwanzo wa anguko. Mimi naiona kama mahali ambapo jengo lililokwisha kupasuka liligunduliwa na kila mtu. Na kilichofuata ni karibu jaribio la maabara. McCulloch alitoa Candleland 1989, albamu ya huzuni na ya kupendeza, iliyofika namba 18 bila kumfanya nyota aliyetarajiwa kuwa. Wenzake waliamua kuendelea na jina, lakini de Freitas alifariki kwa ajali ya pikipiki Juni 1989 akiwa njiani kwenda Liverpool, akiwa na miaka 27. Sergeant na Pattinson wakamleta mwimbaji Noel Burke, wakatoa Reverberation 1990. Haikuingia chati. Watetezi wa McCulloch huishika albamu hiyo kama hati ya ushindi: bila yeye, hakuna. Lakini hati hiyo inasomeka pande zote mbili. Reverberation ilikosa mwimbaji na mpiga dramu kwa pamoja, ilhali Candleland ilikuwa na mwimbaji na haikuwa na bendi, na hakuna kati ya hizo mbili iliyosikika kama Heaven Up Here. Kilichothibitika ni kwamba umma ulikuwa umefundishwa kuitambua bendi kwa sauti ya mtu mmoja. Nani aliitengeneza kazi ni swali lingine.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi ni wa miaka ya 1990, ambao mabishano mengi huupitia haraka kana kwamba ni kiambatisho. McCulloch na Sergeant walirudiana kwanza kwa jina la Electrafixion, wakatoa Burned 1995. Pattinson alipojiunga nao, jina la zamani likarudi, na Evergreen ya 1997 ikafika namba 8, na wimbo wake Nothing Lasts Forever ukafika namba 8 pia, miaka tisa tangu Osaka. Tabia ya mwimbaji haikuwa imebadilika. Alikuwa akijisifu vilevile, na magazeti yalifurahi kumpata tena. Kilichobadilika ni kwamba watatu wa asili walikuwa chumba kimoja. Miaka miwili baadaye ilitoka What Are You Going to Do with Your Life?, albamu laini ambayo gitaa la Sergeant halisikiki sana ndani yake, na ambayo ingeweza kabisa kubeba jina la McCulloch peke yake. Ilifika namba 21. Pattinson alikuwa ameshajitoa, na tangu hapo jina limebebwa na wawili pamoja na wapigaji wanaobadilika, huku ukumbi ukijaa watu wanaosubiri The Killing Moon, wengi wao wakiwa wameijua kupitia filamu ya Donnie Darko ya 2001, na de Freitas akiwa ndani yake, akipiga dramu kama alivyozipiga 1984.