Nyumba 30 Zenye Uso Mmoja

Katika mji wa Bath, magharibi mwa Uingereza, iko safu ya nyumba iitwayo Royal Crescent, nayo imepindwa mfano wa mwezi mwandamo. John Wood Mdogo, mwana wa mjenzi wa jina lilo hilo, aliianza mwaka 1767, ikamalizika mwaka 1774. Atazamaye kutoka uwanja wa majani ulio mbele yake hudhani ni jumba moja la mfalme. Orofa ya chini haina pambo. Juu yake zasimama nguzo 114, kila moja ikipita orofa mbili, zote za jiwe la rangi ya asali. Hata katikati ya safu hapana mlango mkubwa wala kuba, ila nguzo zilizosimama mbili mbili na dirisha lenye tao. Kumbe si jumba, ni nyumba 30, na hapo kwanza kila moja ilikuwa na mwenyewe.

Yawezekanaje watu wengi wakajenga uso mmoja? Wood alichora ule uso tu. Kila mnunuzi alitwaa kipande chake, akaajiri fundi wake mwenyewe ajenge nyumba nyuma ya kipande kile kama apendavyo. Mbele hakuwa na ruhusa ya kuzidisha wala kupunguza. Nyuma alikuwa sultani. Basi ukizunguka nyuma hutaamini macho yako: mapaa hayalingani kwa kimo, madirisha hayako mstari mmoja, na kuta nyingine zimetokeza, nyingine zimerudi ndani. Wageni wengi hawafiki huko, nasi twaona wamekosa nusu ya habari, maana huko ndiko kuonekanako mali na tamaa ya kila mtu.

Nyumba ya kwanza katika safu, ambayo Henry Sandford aliipanga tangu mwaka 1776, ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1970.

Sharti la uso lilizua shauri katika miaka hiyo ya 1970. Bibi mmoja wa nyumba ya 22 aliupaka mlango wake rangi ya manjano, na milango ya majirani ilikuwa myeupe. Baraza la mji likamwamuru aurudishie weupe wake. Akakataa katakata. Shauri likapanda hata kwa waziri wa serikali, naye bibi akashinda.