Madini ya Katanga na Ufundi wa Kugusa Molekuli

Reli ya kampuni ya BCK, huko Kongo, ilipofika bandari ya Ilebo mwaka 1928, Kamina ikawa kituo muhimu kwenye njia ya madini ya Katanga. Mabehewa yalipita hapo kwenda Ilebo, mzigo ukahamishiwa melini, ukateremka Kasai na mto Kongo hadi Kinshasa, kisha ukapanda treni tena kwenda Matadi. Mwaka 1956 Kamina iliunganishwa na Kabalo pia. Macho ya wengi yalikuwa kwenye shaba.

Lakini mawe ya Kipushi, kusini zaidi, yalikuwa na germaniamu. Mwaka 1948 J. F. Vaes alieleza madini mapya ya huko, renieriti, yenye elementi hiyo. Bahati iliyoje! Muda mfupi tu kabla, Desemba 1947, John Bardeen na Walter Brattain wa maabara ya Bell, Marekani, walikuwa wameunda transista ya kwanza kwa germaniamu. Brattain alivisha kabari ya plastiki utepe wa dhahabu, akaukata kwa wembe kwenye ncha, akaikandamiza kabari kwa springi juu ya germaniamu. Ncha mbili za dhahabu, karibu kugusana: kazi ya mikono kabisa. Katanga ikawa miongoni mwa vyanzo vikubwa vya germaniamu, iliyosafishwa Ubelgiji.

Silikoni iliishinda germaniamu baadaye, ila swali la namna ya kukaribisha ncha mbili kwenye kitu kidogo sana lilibaki. Mwaka 1974 Arieh Aviram na Mark Ratner walionyesha, kwa hesabu tu, kwamba molekuli moja ingeweza kupitisha umeme kuelekea upande mmoja tu. Utaishikaje?

Jibu la Mark Reed na wenzake, mwaka 1997, lilirudi kwenye dhahabu. Waya mwembamba uligandishwa kwenye bapa linalopindika, likapindwa polepole mpaka waya ukakatika ndani ya kimiminika chenye molekuli za benzini zilizo na salfa kila upande. Salfa hung'ang'ania dhahabu. Ncha ziliposogezwa tena, molekuli ikaziba pengo, na mkondo ukapimwa. Kipimo kimoja kingeweza kudanganya, ndiyo maana mwaka 2003 Bingqian Xu na Nongjian Tao, huko Arizona, walichovya na kuvuta ncha ya dhahabu maelfu ya mara, wakatafuta thamani iliyojirudia. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo fani ilipopata nidhamu.

Vifaa vya molekuli moja havijatoka maabara hadi leo. Germaniamu ya Katanga, kwa upande wake, imerudi sokoni: mwaka 2024 ile inayotolewa kwenye lundo la mabaki ya kuyeyushia shaba, Lubumbashi, ilianza kusafirishwa kwenda Ubelgiji.