Mume na Mke wa Gendia

Reli ya Mombasa ilipofika ukingoni mwa Ziwa Viktoria mnamo Desemba 1901, msumari wa mwisho uligongomewa na mwanamke. Florence Preston alikuwa amemfuata mumewe, mhandisi Ronald Preston, kambi hadi kambi, akilala hemani katika nchi ya simba na malaria. Kituo kikapewa jina lake, Port Florence, kabla Kisumu, jina la wenyeji, halijashinda.

Njia hiyo ndiyo waliyoipita wamisionari. Maquaker wa Marekani walifika mwaka 1902, wakapanda milimani hadi Kaimosi. Mapadre Wakatoliki wa Mill Hill wakafuata mwaka 1903, nao Waanglikana wakafungua misheni ya Maseno mwaka 1906. Mapadre walikuja bila wake, kama nadhiri yao inavyotaka. Waprotestanti wengi walikuja wawili wawili, na hapo maisha ya nyumbani yakawa sehemu ya mahubiri, wapende wasipende.

Kusini mwa ghuba ya ziwa inayofika Kisumu, karibu na Kendu Bay, kuna kilima cha Gendia. Mnamo Novemba 1906 Arthur Carscallen, Mkanada wa Kanisa la Waadventista Wasabato, alifika hapo pamoja na Peter Nyambo, kijana kutoka Nyasaland aliyekuwa amesoma naye Uingereza. Mwaka uliofuata mchumba wa Carscallen, Helen, alisafiri kwa meli hadi Mombasa, wakafunga ndoa, kisha wakashika safari ya kuelekea ziwani. Hawakwenda kwa miezi mitatu kama wanaojitolea siku hizi. Waliondoka Gendia baada ya Vita Kuu ya Kwanza.

Ni vyema kumtaja Nyambo mapema, maana vitabu vya kanisa humpitia haraka. Alikuwa Mwafrika kati ya Waafrika, lakini Dholuo, lugha ya Wajaluo wa hapo, ilikuwa ngeni kwake kama ilivyokuwa kwa Mkanada. Baadaye alirudi kusini, na mwaka 1914 akapeleka London malalamiko ya watu wa Nyasaland na Rhodesia dhidi ya utawala wa kikoloni. Mtu wa namna hiyo hakuwa mbeba mizigo wa mtu yeyote.

Maisha ya kila siku yaliendeshwa na maji. Barua, chumvi, vitabu na dawa vilishuka kwenye treni Kisumu, kisha vikavuka ghuba kwa mashua. Upepo ukichafuka, nyumba ilisubiri. Kando ya ziwa ugonjwa wa malale ulikuwa umeua watu wengi sana miaka hiyo, hasa upande wa Uganda, na malaria haikumchagua mtu. Mgeni aliyelala na homa aliuguzwa na mwenzake, na siku hiyo shule ilitegemea yule aliyeweza kusimama.

Kisha kulikuwa na Sabato. Kwa Waadventista siku takatifu huanza Ijumaa jua likizama. Uingereza saa hiyo huhama sana kati ya majira ya joto na ya baridi. Gendia, karibu na ikweta, jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima. Hivyo Ijumaa mchana kuni zilikatwa, maji yakatekwa, chakula kikapikwa, na jirani yeyote aliyepita aliona shughuli zikikoma karibu saa ile ile kila juma. Hakuhitaji kujua kusoma ili aelewe kwamba hawa ni watu wa Jumamosi.

Mezani pia walitofautiana na jirani. Waadventista hufuata sheria ya Mambo ya Walawi: samaki asiye na mapezi na magamba haliwi. Ngege, mwenye magamba, aliruhusiwa. Mumi, kambare mnene mwenye ngozi tupu, alikatazwa. Katika nchi ambayo samaki ndiye kitoweo, kubatizwa kulimaanisha kumkataa mumi aliyekwisha kuwekwa mbele yako na mama yako. Huo ni uamuzi mzito kuliko kuimba wimbo mpya.

Hata hivyo jambo lililowagusa zaidi Wajaluo lilikuwa nyumba yenyewe. Boma la Mjaluo, dala, lina mpango wake: nyumba ya mke wa kwanza, mikayi, hutazama lango, ya mke wa pili, nyachira, hukaa upande mmoja, na simba, yaani nyumba za wavulana, huwa karibu na mlango wa boma. Ukisimama langoni unajua nani ni nani. Pale Gendia palikuwa na nyumba moja, mume mmoja na mke mmoja. Wamisionari waliona huo ndio mfano wa ndoa ya Kikristo, nao waliwanyima ubatizo wanaume wenye wake wengi. Hapa ndipo ninapowaonea uchungu wanawake ambao ripoti hazikuwataja: mke wa pili au wa tatu ambaye mumewe alitaka kuokoka, naye hakuulizwa angekwenda wapi na watoto wake.

Carscallen mwenyewe aliandika sarufi ya Dholuo na kukusanya kamusi. Maneno ya aina hiyo hayaji kwa kukaa ofisini. Huja kwa kuuliza jina la chungu, la jembe, la mvua inayokaribia. Mwaka 1911 walibatizwa waumini wa kwanza, na 1913 Gendia ikapata mashine ya kuchapisha. Uchapaji huo ulidumu, ukaja kujulikana kama Africa Herald Publishing House.

Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka na kupigana na Waingereza mjini Kisii. Katika ghasia hizo vituo vya misheni vya Gusii, nchi inayouzunguka mji huo, viliporwa, wamisionari wakahamishwa. Waliporudi, kazi ilianza tena kwa msaada wa walimu Wajaluo waliokuwa wamejifunza kusoma hapo kilimani. Mwaka 1925 hospitali ya Kendu ilifunguliwa chini ya Daktari George Madgwick.

Mmoja wa wanafunzi wa misheni hiyo alikuwa Paul Mboya. Alikuwa mchungaji, kisha chifu wa Karachuonyo, na mwaka 1938 alichapisha *Luo Kitgi gi Timbegi*, kitabu cha mila na desturi za Wajaluo kilichoandikwa kwa Dholuo. Humo, kwa maandishi yaliyoletwa na misheni, Mjaluo Msabato aliwaandikia watu wake desturi zile zile ambazo misheni ilitaka ziachwe. Hadi leo Mjaluo anayetaka kujua mila za wazee hutumwa kwenye kitabu hicho.