Sackboy, kora ya Mali na kazi za watoto zilizofungiwa

Aprili 2024 kampuni ya Sony ilitangaza kwamba seva za mwisho za gemu la LittleBigPlanet, zilizokuwa zimezimika tangu Januari mwaka huo, hazitawashwa tena. Wenye mashine ya PlayStation 3 walikuwa wameshafungiwa tangu 2021. Mamilioni ya hatua za gemu zilizotungwa na wachezaji wenyewe, wengi wao watoto, zikakosa mlango.

Gemu hilo lilizaliwa Guildford, kusini mwa Uingereza, katika studio ndogo ya Media Molecule, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Mark Healey, Alex Evans na wenzao. Likatoka mwaka 2008.

Halikuvutia watu kwa bunduki wala kwa mabao. Sackboy, mhusika wake mkuu, ni mdoli wa kufuma, mwenye zipu kifuani na macho ya vifungo. Ukibonyeza pedi anatabasamu, ananuna, anatoa ulimi. Hadi watu wanne wanacheza pamoja mbele ya televisheni moja, wakivutana na kusukumana juu ya sifongo, mbao na kadibodi. Lakini uhondo wenyewe ulianza pale mchezaji alipokabidhiwa vifaa atunge hatua yake, aipambe kwa stika, kisha aitume ichezwe na watu asiowajua. Mmoja alijenga mashine ya kujumlisha na kutoa kwa pistoni na swichi.

Kisa kinachokumbukwa zaidi, hata hivyo, ni cha wimbo. Miongoni mwa nyimbo za gemu ulikuwamo “Tapha Niang” wa Toumani Diabaté, bingwa wa kora, ala ya nyuzi, kutoka Mali na mzaliwa wa ukoo wa magrioti, wanamuziki wanaorithishana historia kwa nyimbo. Wimbo huo ulikuwa umeshatoka katika albamu yake ya mwaka 2006, na uliuzwa madukani bila zogo. Oktoba 2008, siku chache kabla gemu halijaingia sokoni, mchezaji mmoja Mwislamu aliiandikia Sony kwamba ndani ya wimbo mna vifungu viwili vya maneno ya Kurani yanayokumbusha mauti, na kwamba kuyachanganya na muziki kunaweza kuwaudhi waumini.

Tarehe 17 Oktoba Sony iliomba radhi na kurudisha diski kutoka kote duniani, nyingine zikiwa tayari kwa wauzaji. Zikachapwa upya, sauti ya mwimbaji ikaondolewa, ikabaki ala. Gemu likachelewa kwa siku kadhaa.

Toumani, Mwislamu mwenyewe, alishangaa. Alieleza kwamba kwao ni jambo la kawaida mwanamuziki kupata msukumo katika maneno ya dini, na kwamba hiyo ndiyo njia yake ya kuwavuta watu kwenye Uislamu. Huko Marekani, Zuhdi Jasser wa jumuiya ya American Islamic Forum for Democracy naye alipinga diski kurudishwa. Kwetu Pwani, penye maulidi na kasida, masheikh wamebishana juu ya dufu na zumari kwa vizazi, kwa hiyo aliyelalamika naye alikuwa na hoja. Kosa lililokuwapo ni kuamua bila kumsikiliza kwanza mwenye wimbo.

Gemu la pili lilitoka 2011, la tatu 2014. Lile la mwaka 2020, Sackboy: A Big Adventure, halina kabisa sehemu ya kutunga. Ni zuri, lakini limenyang’anywa roho.

Toumani alifariki Bamako Julai 2024, miezi mitatu baada ya tangazo la seva. Mwaka 2008 kampuni ilizunguka dunia nzima kwa ajili ya maneno machache. Kazi za wachezaji wake zilistahili bidii hiyohiyo. Mashabiki wamejiwashia seva zao na kuokoa walichoweza. Si haki mzigo huo uachwe mabegani mwao. Sony iwakabidhi wahifadhi nakala ya kila hatua iliyotumwa, na waliozitunga waruhusiwe kuzifungua tena.